Sahani Moja ya Mzee Mwiko

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mwiko, na likamganda kama ukoko. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka ishirini na saba, na mwiko aliokuwa akiutumia ulikuwa mrefu kuliko yeye mwenyewe, mti mzima uliochongwa bapa upande mmoja mfano wa kasia. Ilimbidi asimame juu ya tofali mbili ndipo mikono imfikie vizuri kukoroga. Alikuwa mtu mfupi, mpana wa mabega, mchache wa maneno. Ukimsalimia alikuitikia huku macho yake yakiwa kwenye sufuria. Hakuwa na dharau hata kidogo, alikuwa anaogopa chakula kisishike chini. Katika miaka yote hiyo aliunguza mara mbili tu, na zote mbili aliweza kukutajia siku na mwezi.

Kazi ya jikoni pale ilikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi mwalimu wa zamu alipita na kuandika kwa chaki, kwenye ubao mdogo uliotundikwa kando ya mlango, idadi ya walaji wa siku hiyo. Mia nne na kumi na mbili. Kukiwa na wagonjwa au waliorudishwa nyumbani, mia tatu na tisini. Mzee Mwiko alitazama namba ile, akafumba macho kidogo kama mtu anayekumbuka wimbo, halafu mikono yake ikajua mambo mengine yote: maharage madebe mangapi, maji ndoo ngapi, chumvi konzi ngapi. Kipimo kingine hakuwa nacho.

Namba ile haikumhesabu yeye wala wasaidizi wake. Wapishi hawakuandikwa ubaoni. Wao walikula mwisho, wamesimama, kile kilichobaki chini ya sufuria. Mara nyingi hata hicho Mzee Mwiko aliwaachia wasaidizi, akachukua kikombe cha chai na kwenda kusimama mlangoni kuwatazama wanafunzi wakila. Kuwatazama ndiko kulikomshibisha, au ndivyo alivyokuwa akisema.

Alipofikisha umri wa kustaafu walimnunulia soda, wakamsomea hotuba, wakampa blanketi na saa ya ukutani. Kisha akarudi nyumbani kwake, hatua kama mia mbili kutoka lango la shule.

Nyumbani kwake kulikuwa na chumba kimoja na sebule ya kupishana, katika nyumba ndefu yenye milango sita na ua mmoja. Hapo ndipo alipoishi na mkewe mpaka mkewe alipofariki, miaka minne kabla ya kustaafu. Mama yule hakumruhusu mumewe aguse jiko la nyumbani hata siku moja. Alisema mpishi wa shule akishika sufuria hapa uani, majirani watadhani kuna harusi na wataanza kuoga. Baada ya mkewe kuondoka, mzee aliendelea kuishi kwa masalio ya jikoni shuleni. Kwa hiyo Jumatatu ile ya kwanza ya kustaafu, akiwa na miaka sitini, ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumpikia mtu mmoja.

Sufuria ndogo kuliko zote aliyokuwa nayo ilikuwa ya watu ishirini, aliyopewa shule iliponunua mpya. Akatia maharage kidogo tu, kidogo kwa macho ya mpishi wa mia nne. Akatia konzi moja ya chumvi, maana chini ya konzi moja hakuwahi kutia. Maharage yalipoanza kuvimba, mfuniko uliinuka wenyewe. Mzee akasimama mbele yake akiwa ameshika mwiko mdogo wa mkewe, anatazama kama mtu aliyefunguliwa mlango na mbwa.

Akagawa. Siku ya kwanza majirani walifurahi, hata kama walikunywa maji mengi baadaye. Siku ya tatu furaha ilipungua. Ilipofika Ijumaa, mke wa fundi viatu alimrudishia bakuli limeoshwa vizuri, akamwambia kwa heshima zote kwamba watoto wamesema wameshiba mpaka wiki ijayo. Tangu hapo akisikika tu akigonga mfuniko, milango mitatu ya ule ua ilikuwa inajifunga.

Mzee akaona haya, akaacha kugawa. Akawa anapika vilevile na kula peke yake, chakula kilekile, siku ya tatu, ya nne, ya tano. Kumwaga hakuweza. Mtu aliyetumia miaka ishirini na saba kukwangua ukoko ili wa mwisho kwenye foleni naye apate, utamwambiaje amwage? Siku ya sita maharage yalikuwa yamechacha na kutoa mapovu, naye akayapasha moto, akayala. Zahanati walimlaza siku mbili na dripu mkononi.

Hapo ndipo binti yake alipokuja. Alikuwa mtoto wake wa pekee, muuguzi katika mji mwingine, safari ya saa tano kwa basi. Hakupiga kelele. Alikuwa na tabia ya mama yake: akikasirika, anafanya usafi. Alifunua ile sufuria kubwa, akatazama ukungu uliomo, akaifunika. Akafungua kabati akakuta majani ya chai, sukari, na nusu mkate mgumu. Akaosha vyombo vyote, hata vile vilivyokuwa safi. Mzee alikaa ukingoni mwa kitanda akisubiri, kama mwanafunzi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu.

"Baba, nyumbani kwangu kuna nafasi," alisema mwishowe, bado amempa mgongo.

Baba akajibu kwamba anajua.

"Sikuambii ili ujue. Nakuambia ili ufungashe."

Mzee Mwiko alimpenda binti yake kuliko kitu chochote kilichobaki duniani, na mkwewe alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Tatizo lilikuwa ni huo wema wenyewe. Alishakwenda kwao mara mbili. Hakuruhusiwa kushika ufagio. Akinyanyua kikombe akakioshe, mkwe alikuwa ameshampokonya kwa mikono miwili, shikamoo juu yake. Siku tatu alikaa kwenye kochi mpaka akajiona naye ni mto wa kochi. Hapa kwake alikuwa anaamka kwa kengele ya shule. Hapa wapishi wapya walikuwa wanapita siku mojamoja kumuuliza kwa nini jiko la pili linatoa moshi. Hapa palikuwa na upande wa kitanda ambao hakuulalia bado. Alitaka siku zake zilizobaki aziishi akiwa na ufunguo wa mlango wake mwenyewe mfukoni, basi, hakutaka kikubwa zaidi ya hicho.

Lakini mambo hayo yote hakuyasema, kwa sababu hakujua kuyasema. Aliomba mwezi mmoja tu.

Binti alimgeukia, akamtazama mashavu yalivyobonyea. Akasema sawa, atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akimkuta anakula kama watu, atabaki. Akimkuta anaishi kwa chai, Jumapili yake wataondoka wote wawili, na asimbishie. Mzee akaahidi hatabisha.

Chumba cha jirani, ukuta kwa ukuta, alikuwa anaishi mlinzi wa ghala la mbao. Watu walimwita Kamanda kwa sababu ya koti lake kubwa la vifungo vya shaba. Hakuwahi kuoa. Miaka thelathini alikuwa anarudi asubuhi, anapika, analala, anaamka alasiri, anapika tena na kwenda lindoni. Na alikuwa amenawiri, mashavu yanang'aa kama aliyepakwa mafuta. Kesho yake, basi la binti lilipokwisha ondoka, Kamanda aligonga mlango akiwa ameshika kikombe cha bati kilichokatika mkono.

"Mzee wangu, nimesikia umepewa notisi."

"Umesikia au umesikiliza?"

"Ukuta wenyewe karatasi huu. Hata wewe ukipiga chafya, mimi ndiye najifuta."

Aliingia bila kungoja kukaribishwa, akaitazama ile sufuria ya watu ishirini, akaisogeza kwa mguu mpaka uvunguni. Akaweka kile kikombe mezani na kuuliza mzee anapikia watu wangapi. Mzee akajibu kwamba anajipikia mwenyewe. Kamanda akasema hilo si jibu, yeye ameuliza wangapi. Mzee akasema mmoja, na sauti ikawa ndogo, maana namba hiyo hakuwahi kuitamka jikoni.

Kamanda akataka kujua kule shuleni alikuwa anapimaje. Mzee akamweleza habari za mwalimu wa zamu na ubao. Mlinzi akasikiliza hadi mwisho, akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa kipande cha chaki cha kuwekea alama mbao. Akafunga mlango na kuandika nyuma yake, namba kubwa iliyoshuka toka kimo cha kichwa mpaka kimo cha kitasa: 1.

"Kuanzia leo mwalimu wa zamu ni mimi," alisema. "Pika."

Masomo yakaanza. Wali: kikombe kimoja cha mchele, viwili vya maji, moto mdogo, na mfuniko usifunuliwe kila dakika kama unachungulia mtoto mchanga. Kikombe kizima kilitosha mchana, na siku kikibaki kidogo, asubuhi yake kilikaangwa na yai moja na kitunguu kidogo, kikawa kifungua kinywa cha mfalme. Kabichi halikatwi kwa kisu. Linabanduliwa majani ya nje, matatu kwa siku, na lile lililobaki linajitunza lenyewe wiki nzima. Viazi vinakatwa vidogo kama kete, viive upesi na mafuta ya taa yabaki kwenye jiko. Na maharage, yaliyolowekwa toka jana, yanachemshwa nusu saa tu, halafu sufuria inafungwa ndani ya koti la Kamanda na kuwekwa pembeni. Yalikuwa yanaiva yenyewe humo kwa joto lake. Ndivyo alivyoishi miaka yote, yeye amelala kitandani na maharage yamelala ndani ya koti, na wote wawili wanaamka alasiri wakiwa tayari. Mzee Mwiko, ambaye alidhani anajua kila kitu kuhusu maharage, alilisogelea koti lile na kuliwekea sikio.

Kilichomshinda ni chumvi. Mkono wake ulikuwa na akili zake wenyewe. Ulikuwa unaingia kwenye kopo ukiwa vidole vitatu, unatoka ukiwa konzi. Kamanda alimkatalia kumwaga. Alimkalisha mbele ya sahani na kumwambia ale.

"Hii ni chumvi tupu," mzee alilalamika.

"Ndiyo maana nakwambia ule. Wale wanafunzi walikuwa mia nne, waligawana makosa yako. Hapa uko peke yako nayo."

Siku ya nne mkono ulisikia.

Ikabaki kwenda sokoni, na hilo lilikuwa gumu kuliko chumvi. Mwuza vitunguu pale sokoni alikuwa ameiuzia shule miaka mingi, na Mzee Mwiko ndiye aliyekuwa akienda kuchagua. Hakuwahi kusimama kwenye meza ile bila mkokoteni nyuma yake. Sasa alikuwa anataka kitunguu kimoja na nyanya mbili. Alizunguka soko mara mbili, akajifanya anatazama ndoo za plastiki. Alipofika mbele ya meza, yule mama akamwona, akacheka kwa furaha, akamuuliza leo magunia mangapi. Mzee akakosa pa kuweka uso. Akanunua kilo tano.

Kamanda alipomwona anaingia uani na mfuko ule, alicheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti. Akamgawia mke wa fundi viatu kilo nne na kumrudisha mzee sokoni siku iliyofuata.

Safari hii alijikaza kisabuni. Akasimama mbele ya meza na kusema, "Kimoja."

"Gunia moja?"

"Kitunguu kimoja, mama."

Yule mama alimtazama kitambo. Mzee alikuwa anasubiri kicheko, masikio yake yanawaka. Mama hakucheka. Alichagua kitunguu kati ya vitunguu, akakigeuza, akakirudisha, akachukua kingine kigumu zaidi, akakifuta kwa khanga yake.

"Na hiki utapika nusu tu," alimwambia taratibu. "Nusu nyingine ilaze kifudifudi kwenye kisahani, kesho iko vilevile. Mimi mwenyewe tangu wanangu waondoke ndivyo ninavyofanya. Nauza magunia hapa, nyumbani napika nusu. Hukujua, mpishi?"

Mpishi hakujua. Alibeba kile kitunguu mfukoni mwa shati, na njia nzima alikuwa anakigusa.

Wiki ya pili wali ulitoka punje mojamoja. Wiki ya tatu alianza kubuni mambo yake, akatia tangawizi kidogo kwenye kabichi bila kumwambia Kamanda, naye Kamanda akaramba mwiko na kuuliza kwa wivu nani kamfundisha. Kitu kimoja kilimshangaza mzee kuliko vyote. Sasa kwa kuwa alikuwa anakula chakula chake mwenyewe akiwa amekaa, kikiwa cha moto, aligundua kwamba maharage hayapendi kiasi hicho. Miaka ishirini na saba ya kuyakoroga, na hakuwahi kujiuliza. Alichokipenda ni dengu, zenye nyanya nyingi na chumvi ya kuhisi kwa mbali. Alimweleza Kamanda jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. Akawaambia binti na mkwe kwenye simu wasiwe na wasiwasi. Binti alijibu kwamba Jumamosi ataona kwa macho yake.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, mzee alikuwa anageukia mlango na kuitazama ile namba. Halafu anafumba macho kidogo. Mikono ikawa inajua.

Jumamosi ikafika. Kamanda alitoka lindoni, akaja kukagua kama mkaguzi wa serikali, akaona sakafu imepigwa deki, akasema yeye anakwenda kulala na asiamshwe ila kwa habari njema. Mzee akageukia mlango, akaitazama namba. Akapika wali kikombe kimoja. Akapika dengu zenye nyanya, kabichi lenye tangawizi, na yai moja la kuchemsha, lililomenywa bila kuchubuka. Hakuharakisha, hakuhema. Chumvi ilikuwa mahali pake. Alipofunika sahani alijua moyoni kwamba, kwa maisha yake yote, hakuwahi kupika vizuri kuliko siku ile.

Binti aliingia saa saba, vumbi la safari miguuni, njaa usoni. Baba alimpokea begi, akamtilia maji ya kunawa, akamkalisha, akafunua sahani. Kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni, akajitupia kitambaa begani na kusimama kumtazama anavyokula.

Binti alionja, akanyanyua kichwa. Akaonja tena. Aliuliza kama kweli amepika yeye, akaambiwa ni yeye. Akala nusu ya sahani, na mzee pale mlangoni alikuwa anahesabu kila tonge kama anayelipwa kwa matonge. Halafu binti akasimamisha kijiko.

"Chako kiko wapi?"

"Kula kwanza, mwanangu."

"Nimekuuliza chako kiko wapi, Baba."

Aliinuka, akaenda kwenye jiko, akafunua sufuria ya wali. Tupu. Akafunua ya dengu. Tupu, imekwanguliwa. Alisimama na mfuniko mkononi, na uso wake, ambao dakika moja iliyopita ulikuwa umefunguka, ukafunga taratibu. Aliuona mchezo wote mzima, au alidhani ameuona: baba kakusanya alichonacho, kampikia mgeni sahani moja nzuri ya kumziba macho, na yeye amesimama mlangoni na tumbo tupu, kama kawaida. Aliuliza kama hivyo viungo aliazima. Hakungoja jibu. Alirudi, akaisukuma sahani katikati ya meza.

"Kesho tunaondoka," alisema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu, haikuwa ya ukali. "Uliniahidi hutabisha."

Mzee Mwiko alikuwa ameahidi kweli. Alisimama pale, kitambaa begani, anaitazama ile sahani nusu, anazitazama sufuria. Hakuelewa kilichotokea. Alikuwa amepika vizuri, kipimo kilikuwa sawasawa, mlaji alikuwa na sahani yake. Mlaji mmoja. Akageuza kichwa polepole akautazama mlango, na hapo ndipo lilipomwingia. Mwezi mzima ile moja ilikuwa yeye. Leo mgeni alipokuja, ile moja ikawa mgeni. Na yeye akarudi pale alipozoea kusimama, nje ya hesabu, bila hata kuona kwamba ametoka.

"Sikujihesabu," alisema.

Binti hakuelewa. Mzee, ambaye maneno kumi mfululizo yalikuwa yanamtoa jasho, akaanza kueleza. Akaeleza ubao wa shule na mwalimu wa zamu. Akaeleza kwamba mpishi hahesabiwi, na hakuna aliyeona vibaya, ndivyo ilivyokuwa tu. Akaonyesha namba nyuma ya mlango na kumtaja Kamanda na chaki yake. Alichanganya, akarudia, akakwama. Binti alimsikiliza kwa ule utulivu wa wauguzi, ambao mgonjwa hajui kama ameaminiwa au anaandikiwa dawa.

Maneno yakamwishia. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia binti yake tangu alipokuwa mdogo. Alimwamuru.

"Kaa hapo. Usinisaidie."

Akawasha jiko. Akachukua viazi viwili kutoka kwenye kikapu, akavimenya ganda jembamba kama karatasi, akavikata kete. Kwenye kisahani palikuwa na nusu kitunguu, kimelala kifudifudi. Akakichukua bila kutazama, kama mtu anayejua kitu chake kilipo. Kijiko kimoja cha mafuta. Kitunguu, viazi, maji ya kulowanisha tu, mfuniko. Vilipolainika akaponda nyanya moja juu yake, akapasua yai, akalitia katikati na kulifunika lijipike kwa mvuke. Vidole vitatu viliingia kwenye kopo la chumvi na kutoka vikiwa vitatu. Akazima jiko kabla ya wakati, akaacha joto limalizie kazi. Binti alitazama mikono tu. Aliliona kabichi lililobanduliwa hadi kubaki la ukubwa wa ngumi, na kikombe cha bati kisicho na mkono juu ya kopo la mchele, kimechakaa ukingo kwa kuchota kila siku. Mtu hawezi kuazima mazoea.

Mzee alipakua, na sahani ikajaa sawasawa, sufuria ikabaki bila kitu. Kisha akasimama nayo. Miguu ilikuwa inampeleka tena mlangoni.

Binti alivuta kigoda kwa mguu, akakiweka upande wa pili wa meza. Mzee akakaa.

Alikula kama anavyokula mtu aliyezoea kula siku hizi, kwa mwendo wake, anapuliza, anatafuna. Mchuzi ulimtiririka kidogo kidevuni akaufuta kwa kitambaa cha begani. Binti alimtazama hadi mzee akaanza kuona haya na kuuliza kama amekosea kitu.

"Sijawahi kukuona unakula," binti alisema. "Nimekaa nafikiri. Toka nikiwa mtoto. Ulikuwa unarudi jioni, mama anakutengea, unasema umeshakula kazini, sahani unanisogezea mimi." Akasogeza kijiko pembeni. "Ulikuwa unakula kweli?"

Mzee alitafuna kwa muda mrefu kuliko kiazi kilivyohitaji.

"Siku nyingine," akasema.

Binti aliinamisha kichwa. Halafu akairudisha sahani yake mbele yake, ile nusu iliyokwisha poa, akachukua kijiko na kuanza kula tena. Baba akataka kumpashia moto kidogo, binti akakataa kwa kichwa. Wakala hivyo, wawili, huku ukuta wa upande wa pili ukiwa kimya mno kwa chumba cha mtu aliyesema amelala.

Alipofuta sahani yake, binti alitoa simu na kumpigia mumewe. Hakutoka nje. Alimwambia kile kitanda walichoazima kwa ajili ya baba amrudishie mwenye nacho leo leo, wasije wakaonekana watu wabaya. Ilisikika sauti ya mkwe upande wa pili, imejaa wasiwasi, ikiuliza nini kimetokea, mzee amezidiwa, apelekwe wapi, anaweza kuzungumza.

"Si mgonjwa," binti alisema, na jicho lake halikutoka kwa baba yake. "Anakula. Ngoja amalize."